Anayelala hifadhini ahesabiwe usiku, si saa



Familia inayotoka Arusha kwa gari lake, hema likiwa limefungwa juu ya paa, hufika lango la Naabi ikiwa imeshazunguka ukingo wa Kreta ya Ngorongoro na kula vumbi la kutosha. Mara nyingi huwa ni saa 8 au saa 9 mchana. Hapo ndipo kibali cha kuingia Hifadhi ya Taifa ya Serengeti kinapoanza kazi, na tangu dakika hiyo saa 24 zinahesabiwa. Kesho yake, saa ileile, gari liwe limeshatoka langoni, la sivyo siku nyingine inalipiwa.

Kwa mgeni wa kupita, utaratibu huo hauna neno. Kwa anayelala ndani ni mbano usio na sababu. Hifadhi hairuhusu magari ya wageni kutembea kuanzia saa 1 usiku hadi saa 12 asubuhi, kwa hiyo katika zile saa 24 alizolipia, saa 11 zinapita gari likiwa limezimwa kambini. Zinabaki 13, na humo humo kuna safari ya kwenda kambi za Seronera, kusimika hema, kupika, kulikunja asubuhi na kurudi Naabi kabla saa hazijamwishia. Huko kaskazini, Kogatende, ambako nyumbu huvuka Mto Mara, mwenye kibali cha usiku mmoja asikuwaze kabisa.

Ieleweke kwamba hakuna anayeomba marufuku ya usiku iondolewe. Kambi za Seronera, kama Pimbi na Nyani, hazina uzio. Fisi hupita katikati ya mahema, na simba husikika karibu kiasi cha kuwanyamazisha watoto. Wala hakuna anayedai haki ya kuegesha gari chini ya mgunga wowote na kulala humo. Uingereza, Mei 2025, Mahakama ya Juu ilithibitisha kwamba wananchi wanaweza kulala kwenye mahema katika nyika za Dartmoor bila kumwomba mwenye ardhi ruhusa. Ni uamuzi mzuri kwa watu wa kule, ambako wanyama wakubwa wanaoonekana nyikani ni farasi wadogo, ng'ombe na kondoo. Serengeti, kulala mahali palipotengwa ni suala la uhai wa mtu, na la mnyama pia, kwani fisi akishazoea mabaki ya vyakula vya kambini hageuki tena kuwa wa porini kwa urahisi.

Kinacholalamikiwa ni saa, na madhara yake yanaonekana barabarani. Mwendo unaoruhusiwa hifadhini hauzidi kilomita 50 kwa saa. Lakini yeyote aliyewahi kukaa karibu na Naabi kuelekea mchana ameona magari yanavyokuja yakifukuza muda, ya watalii na ya familia, vumbi nyuma yake likificha kila kitu. Madereva hao si wahuni. Wanaogopa kuchelewa, na wanaolipa kuchelewa huko ni abiria wao. Kati ya Januari na Machi mambo huwa mabaya zaidi, maana ndio msimu ambao nyumbu huzaa katika mbuga za nyasi fupi za kusini, na barabara ya Naabi inapita katikati yao. Ndama wa siku mbili hajui gari ni nini. Inauma kuona kanuni iliyowekwa na wahifadhi inamsukuma dereva akanyage mafuta mahali pale pale ambapo uhifadhi ungemtaka atambae.

Ada yenyewe kwa raia wa Afrika Mashariki hutozwa kwa shilingi na ni ndogo sana ikilinganishwa na dola anazotozwa mgeni. Kwa hilo serikali inastahili shukrani. Ila punguzo hilo lilikusudiwa kuwavuta wananchi wazijue hifadhi zao, na mwananchi anayeona mbuga akiwa na jicho moja kwenye saa hajazijua.

Afrika Kusini wana njia nyingine. Katika Hifadhi ya Kruger, mgeni anayelala kambini hulipa ada ya uhifadhi kwa idadi ya usiku anaolala. Asubuhi ya mwisho anaachia nafasi yake kambini, kisha anaendesha taratibu kuelekea langoni, mradi atoke kabla halijafungwa. Magari ya kulala ndani, mahema na vijumba vyote vinafuata hesabu hiyo hiyo.

Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania (TANAPA) linaweza kufanya hivyo bila kujenga choo kimoja wala kuajiri askari mmoja. Mwenye stakabadhi ya kambi, kibali chake kiwe hai hadi lango linapofungwa siku inayofuata usiku wake wa mwisho. Malipo tayari yanapita kwenye mfumo wa kielektroniki, na idadi ya usiku imo humo. Utaratibu huo uanze Serengeti msimu ujao wa nyumbu kuzaa, kisha Ruaha na Mikumi, ambako familia za Dar es Salaam, Morogoro na Iringa zinakwenda na magari yao wenyewe.

Msomaji wenu,
Arusha