Rangi ya Uwanja Ifundishwe kwa Utulivu

Katika programu ya Processing, ambayo Casey Reas na Ben Fry waliianzisha huko MIT, Marekani, mwaka 2001, na vilevile katika p5.js, iliyoasisiwa na Lauren McCarthy mwaka 2013, mojawapo ya amri za awali kabisa anazofunzwa mwanafunzi ni background, ambayo huupaka rangi uwanja wote wa kuchorea. Nao wako walimu wanaoipitia mbiombio, kana kwamba ni pambo tu, wakamwonyesha mtoto mstari wa kuiandikia kisha wakaendelea na mengine. Kwa rai yangu, huko ni kumdhulumu mwanafunzi.

Habari ya rangi yenyewe si ndefu: 0 ni nyeusi, 255 ni nyeupe, na nambari tatu pamoja huchanganya nyekundu, kijani na buluu. Elimu iliyo adhimu imo katika mahali amri inapowekwa. Ikiwekwa ndani ya setup, yaani sehemu ya programu inayotekelezwa mara moja tu mwanzoni, duara linalosogea huacha nyuma yake mkia mnene usiofutika; ikiwekwa mwanzo wa draw, sehemu ambayo kwa kawaida hurudiwa takriban mara 60 kwa sekunde, uwanja hupakwa upya kila mara, kama chokaa juu ya ukuta uliochorwa kwa makaa, na jicho likasadiki kwamba duara latembea. Ilhali kwa hakika hakuna kilichotembea! Kompyuta, ikishachora duara, hailijui tena; imebaki na nukta za rangi tu, na kila mwendo tunaouona ni kufuta na kuchora upya.

Mtoto akiufahamu mkia ule kwa akili yake mwenyewe, amefahamu mpango wa amri na wakati wake, jambo ambalo atalihitaji katika kila programu atakayoiandika. Tena mkia si aibu: wapo wasanii wanaoukusudia, na katika p5.js rangi ya uwanja ikifanywa nyepesi kiasi cha kuonyesha ya chini yake, mkia hufifia taratibu, ukapendeza mno.

Najua kwamba vipindi ni vifupi na kompyuta aghalabu hazitoshi. Lakini kuujaribu mkia huo hakuhitaji ila kuhamisha mstari mmoja, ule wa background. Mwalimu na auache mkia ubaoni, asiutolee jawabu; kisha awaamuru wanafunzi waishushe background ndani ya draw, chini ya mstari unaochora duara, na kabla ya kuiendesha programu, kila mmoja aandike daftarini anachotarajia kukiona.