Aendaye Dar es Salaam na Afike Bagamoyo

Wafanyabiashara, wanafunzi, wagonjwa na wauguzi wao huondoka Bujumbura kila mara kwenda Dar es Salaam. Sehemu kubwa ya bidhaa ziingiazo nchini mwetu kutoka ng'ambo hupitia bandari ya mji huo, hata safari hii imekuwa kama njia ya kisimani. Lakini ukiwauliza wengi wa wanaorejea wameona nini, watakutajia maduka ya Kariakoo, ofisi ya wakala wa forodha na chumba walicholala. Basi twauliza: mtu aliyefika mji mkubwa wa ugenini, naye ana siku mbili tatu za kungojea shughuli yake, je, atoke nje ya mji huo, au atulie humo?

Wanaochagua kutulia wana hoja zao, wala hatuzidharau. Fedha walizo nazo mara nyingi ni za mkopo, au ni amana ya jamaa. Tena karatasi za mzigo zaweza kutoka siku ile ile ambayo mwenyewe hayupo. Aliyekwenda kumwuguza nduguye hospitalini, au ambaye mzigo wake uko karibu kutolewa, hatumshauri aache lililompeleka. Huyo atosheke na mji wenyewe. Makumbusho ya Taifa na soko la samaki la Kivukoni huweza kutazamwa kwa nusu siku.

Lakini wapo wengine, nao si wachache, ambao siku zao hupotea bure. Hukaa barazani mwa nyumba ya wageni tangu asubuhi hata jioni, wakihesabu gharama. Chumba wamekwisha kukilipia, na chakula watakula popote watakapokuwa. Kwa hao, gharama ya kutoka na kurudi siku ile ile haizidi sana nauli yenyewe. Kubaki si kuweka akiba, bali ni kulipa na kukosa.

Palipo na nia ya kutoka, yafaa kupima umbali na siku. Kilwa Kisiwani, ambayo iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981, ina magofu yenye sifa kubwa. Lakini iko kusini, mwendo wa kilomita 300 hivi, na baada ya barabara kuna kuvuka maji kwa mashua. Hiyo si safari ya siku moja. Unguja hufikiwa kwa boti iendayo kasi katika muda wa saa mbili hivi, ila nauli yake ni kubwa kuliko ya basi, na mgeni asiiache pasi yake chumbani, maana huangaliwa bandarini. Morogoro nayo imekuwa karibu tangu treni ya umeme ilipoanza kazi mwezi Juni 2024. Mtu huweza kwenda kuitazama milima ya Uluguru na kurudi kabla ya usiku.

Pamoja na hayo, kwa Mrundi mwenye siku moja tu, sisi twaitanguliza Bagamoyo. Iko kaskazini, kiasi cha kilomita 70, na mabasi yaendayo huko ni mengi. Wala sababu yetu si ukaribu peke yake. Njia ya misafara iliyotoka Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika letu hili, ikapita Tabora, iliishia pwani hapo. Wapagazi walibeba pembe za ndovu kwa miezi, na watumwa walisukumwa katika njia hiyo hiyo. Jina la mji wengi hulieleza kuwa ni "bwaga moyo": wengine husikia humo raha ya mpagazi aliyetua mzigo, wengine uchungu wa mtumwa aliyekata tamaa ya kurudi kwao. Hapo ndipo Wajerumani walipoweka makao ya kwanza ya utawala wao, kabla ya kuyahamishia Dar es Salaam mwaka 1891, na utawala huo baadaye uliikumba Urundi pia. Hata Kiswahili kisemwacho Buyenzi kilitufikia kwa njia za misafara hiyo.

Mtoto wetu husoma habari hizi darasani kama mambo ya mbali. Baba yake amelala mara kumi kwa mwendo wa asubuhi moja kutoka hapo, na hana neno la kumwongezea. Hasara hiyo haionekani katika daftari la biashara, lakini ni hasara.

Tena tusitoke katika kosa moja tukaingia katika jingine. Wako wasafiri ambao wakiisha kuonja kutembea hutaka Unguja leo, Morogoro kesho na Bagamoyo keshokutwa, wakarudi wamechoka na mfuko mtupu. Mshika mbili moja humponyoka. Achague mahali pamoja, amwarifu wakala wake, atoke alfajiri na kurudi kabla ya giza.

Wanaosafiri mwezi huu, basi, na waitenge siku hiyo katika hesabu yao tangu wakiwa nyumbani, pamoja na nauli ya basi. Mzigo utarudi kwa lori. Habari za njia ile watazileta wenyewe, wawasimulie watoto wao.