Mbege Ndani ya Somo la Sayansi

Wako walimu wanaoona haya kutaja pombe mbele ya watoto. Somo linapofikia ethanoli, huandika ubaoni jina na fomyula yake, C2H5OH, kisha hufuta na kuendelea. Kwa maoni yangu wanakosea, hasa wanaofundisha katika miteremko ya Kilimanjaro.

Mtoto wa Marangu au Machame ameona ndizi mbivu zikichemshwa, zikaachwa zichache, kisha zikachanganywa na uji wa kimea cha ulezi. Analijua hata gome la msesewe linaloipa mbege uchungu wake. Basi kemia ameiona kihambani kabla ya kuisikia darasani. Kazi ya mwalimu ni kumwuliza: povu lile latoka wapi? Hapo ataeleza kwamba chachu, viumbe wasioonekana kwa macho, hula sukari na kutoa ethanoli na kabonidayoksaidi. Jaribio lake ni rahisi: tia sukari, hamira na maji ya uvuguvugu katika chupa, vika puto mdomoni, ungoje. Puto litajaa, wala hapana haja ya mtu kuonja chochote.

Kutoka hapo somo literemke hadi mashamba ya miwa ya TPC, kusini ya Moshi. Sukari ikiisha kutolewa, hubaki molasi, nayo molasi huweza kuchachushwa na kukenekwa ili kupata ethanoli, kwa kuwa hii huchemka kwenye nyuzi 78 za Selsiasi na maji kwenye 100. Ethanoli huua vijidudu, huyeyusha rangi na manukato, na huwaka katika taa ya maabara. Mwalimu akumbuke kwamba mwali wake hauonekani vema mchana. Kamwe asiongeze spiriti katika taa iwakayo.

Wazazi wengine watanung'unika kwamba tunafundisha ulevi. Tuwajibu kwa upole kwamba kunyamaza ndiko hatari. Methanoli, ndugu ya ethanoli, haitofautiki nayo kwa macho. Kiasi kidogo tu hupofusha, na hata huua. Ikichanganywa katika pombe ya magendo, mnywaji hana namna ya kuitambua. Kijana atajifunzia wapi jambo hili, kama si kwetu?

Asiyefundishwa na mwalimu wake atafundishwa na kilabu cha pombe, na ada ya huko ni kubwa mno.