Vyuma vya Mtoto wa Staa na Kamba ya Chitete: Watu Wamecheka Klipu Isiyo Yenyewe!

Kuna klipu mbili zimezunguka sana kwenye magrupu wiki hii. Ya kwanza ni ya staa mmoja wa Bongo, jina linahifadhiwa. Kamposti mwanae wa miaka 10, yuko jimu ya maana pale Dar, kavaa mkanda kiunoni, ananyanyua chuma huku mgongo umepinda, na kocha anapiga kelele "ongeza, ongeza!" Kapsheni: bingwa wa tenisi wa kesho. Makopa kibao.

Ya pili imetoka Chitete, wilayani Momba, mkoani Songwe. Kijana mmoja kachora mistari kwenye uwanja wa vumbi, kafunga kamba kwenye miti miwili, ndo neti hiyo. Watoto wanaruka kamba, wanakimbia kulia, kushoto, wanarudi nyuma, halafu wanapokezana raketi nne. Hapo watu wakaangua kicheko. "Hiyo tenisi au rede?" Mwingine kaandika, "Warudi wakalime mpunga."

Ukweli usemwe: kicheko kimeenda kwa mtu asiyestahili.

Tenisi sio mashindano ya kifua. Uwanja wa mchezaji mmoja mmoja una upana wa mita 8.23, na pointi nyingi huisha ndani ya sekunde 10. Kinachotakiwa ni kuchomoka ghafla, kusimama ghafla, kugeuka bila kuanguka, na kurudia hivyo mechi nzima. Hata ile sevu kali haitoki mkononi. Inaanzia miguuni, inapanda kiunoni na tumboni, ndo inafika begani. Miguu na kiuno vikiwa legelege, bega ndo linalipa deni. Sasa kuruka kamba na kukimbia kulia kushoto ni nini kama sio hicho hicho?

Ila haki itendeke, vyuma navyo sio sumu. Yale maneno ya mtaani kwamba mtoto akibeba uzito anadumaa, wataalamu wa afya ya watoto hawayakubali, mradi kuna msimamizi anayejua kazi, uzito ni mdogo na mkao ni sahihi. Shirika la Afya Duniani lenyewe linasema mtoto wa miaka 5 hadi 17 ashughulishe mwili wastani wa dakika 60 kila siku, na angalau siku 3 kwa wiki afanye mazoezi ya kuimarisha misuli na mifupa.

Kwa hiyo ishu sio jimu. Ishu ni haraka ya wakubwa. Mifupa ya dogo wa miaka 10 bado ina sehemu laini zinazokua, na ukizitwisha mzigo kwa ajili ya kamera unacheza na kesho yake. Aanze na mwili wake mwenyewe: kuchuchumaa na kuinuka, pushapu hata za ukutani, kuruka na kutua magoti yakiwa yamekunjwa. Akishafanya vizuri bila kuyumba, ndo aguse uzito mwepesi. Na kwa vile tenisi inatumia zaidi mkono mmoja, upande wa pili na nyuma ya bega navyo vifanyiwe kazi. Kiungo kikiuma, anaacha. Hakuna "kaza".

Chitete nako sio kila kitu kiko poa. Wale watoto wapashe misuli kwanza, maji yawepo, na siku ya kupumzika iwepo. Mipira nayo iwe ya taratibu. Shirikisho la Tenisi la Kimataifa tangu 2012 halitaki mpira wa kawaida wa wakubwa kwenye mashindano ya watoto wa miaka 10 kushuka chini.

Anayedhani tenisi ni ya watoto wa kishua tu amtazame jirani, Angella Okutoyi wa Kenya. Kalelewa na bibi yake, na Julai 2022, akiwa na miaka 18, akabeba taji la Wimbledon la wasichana wawili wawili pamoja na Mholanzi Rose Marie Nijkamp. Mwaka 2024 kule Accra akachukua dhahabu ya Michezo ya Afrika. Mwili ule umejengwa miaka na miaka, sio kwa klipu moja.

Inasemekana baada ya kile kicheko, watoto watatu wa Chitete hawajarudi uwanjani, wazazi wameona aibu. Hapo ndo panauma. Dogo wa staa akiumia bega ana daktari. Hawa wakikata tamaa, nani atawarudisha?

Staa huyo anasifika kwa kubadilisha raketi za mwanae kama nguo. Zile za zamani zikipakiwa kwenye basi la Tunduma, zitafanya kazi kuliko makopa yote yale.

Wewe mdau unasemaje? Tupia maoni yako hapo chini, ila safari hii usicheke.