Kompyuta Haimjui Shaaban Robert

Na Mwanachama, Kidato cha Nne

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mwenye pupa hadiriki kula tamu. Tangu tutangaziwe kwamba maktaba yetu itaachana na zile droo za kadi na kuhamia kwenye kompyuta, shule nzima imeingiwa na pupa. Wengine wanataka ati kazi yote iishe likizo hii. Aje mtu na programu yake, abonyeze hapa na pale, na tukifungua muhula ujao tukute vitabu vyote vimo. Nami naifurahia kompyuta kama nyinyi, wapenzi wasomaji. Lakini nasema waziwazi: tusiingize kitabu hata kimoja kabla ya kukubaliana jinsi ya kuandika majina, na rafu ya Kiswahili ishughulikiwe na Chama cha Kiswahili chenyewe.

Hebu kwanza tuelewane kuhusu kazi yenyewe. Programu inayotajwa ni Koha. Ilitengenezwa New Zealand na kuanza kutumika mwaka 2000, na jina lake ni neno la Kimaori lenye maana ya zawadi. Ni zawadi kweli, maana hailipiwi leseni. Husoma rekodi za vitabu zilizopangwa kwa mtindo uitwao MARC, ambao mama mmoja, Henriette Avram, aliuanzisha katika Maktaba ya Bunge la Marekani miaka ya 1960. Katika mtindo huo kila jambo lina kisanduku chake chenye namba: 100 ni mwandishi, 245 ni kichwa cha kitabu, 020 ni ISBN, 082 ni namba ya Dewey, na 650 ni mada. Sisi tutaandika vitabu kwenye jedwali, kila safu ielekezwe kwenye kisanduku chake, kisha faili lipakiwe. Mambo ni rahisi, sivyo? Taabu ni kwamba kompyuta haiulizi maswali. Ukiipa jina moja kwa namna nne, itakuhesabia waandishi wanne.

Na hili si la kubuni. Juzi wanachama watano tulichukua kadi za rafu ya Kiswahili tukazinakili kwenye jedwali ili tujaribu. Mwandishi wa Utengano alijitokeza kama Said A. Mohamed, S. A. Mohamed, Mohamed S. A. na Mohamed Said Ahmed. Kando yake yuko Mohamed Suleiman Mohamed, aliyeandika Kiu na Nyota ya Rehema, na karibu nao yuko Mohammed Said Abdulla, baba wa Bwana Msa. Hao ni magwiji watatu wa riwaya kutoka Zanzibar. Mtu asiyewajua, akiharakishwa, atawachanganya kama maharagwe na mahindi kwenye githeri. Je, huyo mtu wa kuajiriwa likizoni atawatenganisha vipi?

Shaaban Robert naye ana balaa lake. Kadi nyingine zimemgeuza kuwa Robert, Shaaban, kama vile yeye ni Mwingereza wa ukoo wa akina Robert. Ni kweli kwamba ukiandika neno Shaaban mashine itakuletea vyote viwili. Lakini ile lebo iliyo mgongoni mwa kitabu hubeba herufi tatu za kwanza za jina la mwandishi. Kusadikika kitawekwa chini ya ROB, na Adili na Nduguze chini ya SHA. Kitabu kipo, kompyuta inasema kipo, lakini mwanafunzi amesimama mbele ya rafu na hakioni.

Wapo watakaosema tusijisumbue, kwani rekodi zilizo tayari zaweza kunakiliwa kutoka maktaba kubwa za ng'ambo kwa kutumia ISBN. Ushauri huo una manufaa, hasa kwa vitabu vya sayansi. Lakini ISBN haikuwa namba ya kimataifa hadi mwaka 1970, na vitabu vyetu vya zamani havina namba hiyo. Tena rekodi hizo za ng'ambo hueleza vitabu vyetu kwa Kiingereza. Mwanafunzi akiandika riwaya, tamthilia au ushairi, anaweza kuambiwa hakuna kitu, ilhali rafu imejaa! Maktaba ya shule ya Kenya inayoshindwa kuelewa neno riwaya ni aibu, jameni.

Isitoshe, jedwali lenyewe lina hila zake. ISBN ya tarakimu 13 ukiiandika bila kuiambia kompyuta kuwa hayo ni maandishi, itaifupisha iwe kama hesabu ya fizikia, na tarakimu za mwisho zipotee ukihifadhi. Namba ya rejista 0047 itabaki 47. Faili likihifadhiwa kwa mfumo wa herufi usiofaa, jina la Ngũgĩ, ambaye alizaliwa Kamĩrĩĩthũ, mwendo mfupi tu kutoka hapa Dagoretti, litatokea likiwa na alama za ajabu badala ya herufi zake. Yeye mwenyewe ni somo tosha. Weep Not, Child ilipotoka mwaka 1964 jina jaladani lilikuwa James Ngugi. Asiyejua hayo atamfanya watu wawili.

Najua wenzangu wa darasa la mtihani watanijibu kwa methali nyingine: chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Wanahitaji vitabu sasa. Nawaelewa, kwa sababu nami ni mtahiniwa. Lakini hakuna anayezuiwa kuazima kwa kadi wakati kazi ikiendelea. Na wanaosema makosa tutayarekebisha baadaye, nawaambia kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Kuunganisha rekodi maradufu hufanywa moja baada ya nyingine. Nani atakaa kufanya hivyo kwa maelfu ya vitabu?

Basi napendekeza mambo manne. Kwanza, Chama kiandike orodha ya majina ya waandishi, kila mmoja kwa namna moja tu, na mwalimu wa maktaba aiidhinishe. Pili, kila kitabu cha Kiswahili kipewe maneno ya mada kwa Kiswahili, kisha kiwekwe kwenye 896.392, namba ambayo Dewey ameitengea fasihi yetu. Tatu, tuanze na vitabu 50 pekee. Koha hukubali rekodi zisubiri kwanza mahali pa kukaguliwa kabla ya kuingia kwenye katalogi, na hata fungu zima lililokwisha kuingia laweza kuondolewa likiwa na kasoro. Nne, zile kadi na rejista kuukuu zisichomwe asilani. Nyingi zina maelezo ambayo hayapo mahali pengine popote.

Kwa nini nayashikilia mambo haya? Wengi wetu twatoka Kawangware, Riruta, Waithaka na Mutuini. Si nyumba nyingi zenye kabati la vitabu, na nauli ya matatu kwenda maktaba ya mjini haipatikani kila siku. Rafu hii ya shule ndiyo maktaba tuliyo nayo. Maktaba ya McMillan pale mjini ilifunguliwa mwaka 1931, na kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma. Leo mlango u wazi kwa kila mtu. Lakini katalogi nayo ni mlango. Ikiwa mwanafunzi mgeni ataandika jina la mwandishi wake kwa lugha yake na kuambiwa hayupo, tutakuwa tumemfungia nje sisi wenyewe, tena kwa mashine tuliyoisubiri kwa hamu.

Kikao cha Chama ni Alhamisi baada ya masomo, chumba cha maktaba. Njoo na kalamu. Orodha ya majina inaanzia herufi A, na Abdulla ndiye wa kwanza.