Kanuni Zipo, Anayeuliza Hayupo

Machi 4, 2016, Gazeti Rasmi la Kenya lilichapisha kanuni mpya za usimamizi wa kampuni zinazouzia umma hisa na hatifungani. Aprili 7, Benki Kuu ikaiweka Chase Bank chini ya mrasimu. Benki hiyo ya Riverside, hatua chache kutoka Westlands, ilikuwa imetoa hesabu za 2015 mara mbili ndani ya siku chache, na katika zile za pili mikopo ya wakurugenzi na watu wao ilikuwa imefura. Mwaka mmoja kabla, wawekezaji walikuwa wameikopesha Sh4.8 bilioni kwa hatifungani.

Kuzilaumu kanuni za umri wa mwezi mmoja ni kuzionea. Ila zilizotangulia, za 2002, nazo zilihimiza uwazi, na hazikuzuia kitu.

Kanuni za sasa zinataka angalau theluthi moja ya wakurugenzi wawe huru, na aliyepitisha miaka 9 asihesabiwe tena kuwa huru. Kampuni isiyofuata itoe maelezo. Sawa, lakini maelezo hayo huzikwa ndani ya ripoti nene ya mwaka. Nani huyafukua?

Zamani, kwa mkutano mkuu wa mwaka wa kampuni, mwenye hisa chache alipanda matatu hadi Bomas au KICC, akapanga foleni ya chakula cha pakiti na mwavuli wenye nembo. Mabwana wa suti waliicheka foleni hiyo. Walisahau kipaza sauti: mzee akishakishika, mwenyekiti hakuwa na budi kumjibu mbele ya ukumbi mzima.

Aprili 2020, kwa sababu ya korona, Mahakama Kuu iliruhusu mikutano ya mtandaoni, na 2021 sheria ikaikubali moja kwa moja. Sasa swali hutumwa mapema kwa simu. Aliye Lodwar amepunguziwa nauli, na hilo ni jema. Lakini hasikii mwenzake ameuliza nini, wala hana nafasi ya kumkatiza mwenyekiti anayezungukazunguka. Wakurugenzi wamepata starehe ambayo hawakuiomba.

Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, msimamizi wa kanuni hizo, ilazimishe kila swali lichapishwe pamoja na jibu lake, na ukumbi ufunguliwe tena sambamba na mtandao. Nawe mwenye hisa, msimu wa mikutano ukifika, tuma swali lako, na nakala yake uipeleke kwa Mamlaka, Upper Hill.