Vikundi vya Akiba vya Akina Mama Mbeya na Iringa: Kipimo ni Mwanachama Aliyekwama

Katika vijiji vingi vya Nyanda za Juu Kusini, kuanzia mashamba ya nyanya ya Ilula na chai ya Mufindi hadi mwambao wa Ziwa Nyasa wilayani Kyela, vikundi vya kuweka na kukopa vimekuwa tegemeo la familia. Wengine huviita VICOBA, wengine huviita vikundi vya hisa. Fedha zake zimelipa ada za watoto, zimenunua mbolea na kuezeka nyumba kwa bati. Lakini katika miaka hii kumesikika pia kilio cha mikopo iliyopewa jina la “kausha damu”, na wapo akina mama wanaoingia humo ili wapate fedha ya kulipa deni la kikundi chao. Hapo ndipo linapozuka swali linalowagusa waamini: kikundi kipimwe kwa ukubwa wa mgao wa mwisho wa mwaka, au kwa namna kinavyomtendea mwanachama aliyeshindwa kurejesha?

Fedha iliyotoka kwa wanachama wenyewe

Upatu ni desturi ya zamani katika jamii zetu. Mfumo wa sanduku lenye kufuli tatu, funguo zake zikishikwa na watu watatu tofauti, ulianzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991 na kuenea barani Afrika. Wanachama hukutana kila juma, hununua hisa, na kila hisa hugongwa muhuri katika kitabu cha mwanachama. Mfuko mkuu hukopesha. Mfuko wa jamii husaidia penye ugonjwa au msiba. Mwisho wa mzunguko, fedha zote pamoja na riba iliyokusanywa hugawanywa kwa wanachama kadiri ya hisa zao.

Hii ndiyo tofauti kubwa kati ya kikundi na mkopeshaji wa mtaani. Riba inayotozwa na kikundi hurudi kwa wanachama. Riba ya kausha damu huondoka kijijini isirudi. Hata hivyo, riba ya kikundi hairudi kwa usawa. Mwenye hisa nyingi hupata mgao mnono, na mara nyingi mnono huo umetoka kwa mwenzake maskini aliyekopa zaidi na kuchelewa zaidi.

Mkopo wa miezi mitatu, shamba la miezi saba

Mama anayechuuza usipa huko Matema, au anayeuza mboga sokoni, hupata fedha kila juma. Mkopo wa mwezi mmoja au miezi mitatu unamfaa. Mama wa mahindi kule Kilolo au Mufindi ana kalenda nyingine kabisa: hupanda mvua zinapoanza, Novemba au Desemba, na huvuna kuanzia Juni au Julai. Akikopa Desemba kwa ajili ya mbolea, deni la miezi mitatu humwangukia Machi, wakati ghala limepungua na mahindi yangali shambani.

Tuchukue mfano wa hesabu. Mkopo wa shilingi 200,000 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, ukisubiri mavuno kwa miezi saba, huzaa riba ya shilingi 140,000. Kwa asilimia 5 ni shilingi 70,000. Ni mahindi ya magunia mangapi yatakayobeba mzigo huo, hasa bei inaposhuka wakati wa mavuno? Mama huyu si mvivu wala si mdanganyifu. Amefungwa na masharti yasiyolijua shamba lake. Akiona aibu mbele ya wenzake, huenda kwa mkopeshaji anayechukua kadi ya benki au vyombo vya nyumbani kama dhamana, na deni moja huwa mawili.

Mafundisho ya Kanisa

Maandiko Matakatifu hayakulinyamazia jambo hili. Kitabu cha Kutoka, sura ya 22, kinakataza kumtoza riba maskini. Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, kinakataza kutwaa jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa kuwa ndilo linalomlisha mtu. Katika sura ya 5 ya kitabu cha Nehemia, watu waliokuwa wameweka rehani mashamba yao wanalia, na Nehemia anawakemea wakuu waliowakopesha ndugu zao.

Mama Kanisa hakuishia kukemea tu. Mwaka 1462, huko Perugia nchini Italia, Wafransisko walisaidia kuanzisha mfuko wa kuwakopesha maskini ili waepukane na riba kubwa. Mtaguso wa Lateran V ulikubali mwaka 1515 kwamba mifuko ya namna hiyo inaweza kutoza kiasi kidogo cha kugharimia uendeshaji wake. Kipimo kilichowekwa hapo bado kinatufaa: tozo inaruhusiwa pale inapoulinda mfuko, si pale inapomnyonya mkopaji.

Ni kweli kwamba fedha ya kikundi ni jasho la akina mama wengine, nao pia ni maskini. Huruma inayomsamehe mtu kwa mali ya jirani yake si haki. Kwa hiyo ni lazima kikundi kimtofautishe mwanachama aliyekwama kwa ukame au ugonjwa na yule aliyekusudia kutolipa. Wa kwanza anahitaji muda. Wa pili anastahili kuwajibishwa kwa katiba ya kikundi.

Yaliyo mikononi mwetu

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavitaka vikundi hivi visajiliwe, na usajili huvipa ulinzi penye mgogoro. Mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ambayo hutenga asilimia 4 ya mapato ya ndani kwa wanawake, ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Vikundi vyenye vitabu safi ndivyo vitakavyonufaika.

Lakini Kanuni ya Auni, iliyofafanuliwa na Papa Pio XI mwaka 1931, yatufundisha kwamba linalowezekana chini lisingoje wakubwa. Kikundi chaweza kubadili katiba yake kikao kijacho. Kiweke mikopo ya aina mbili: ya biashara, yenye muda mfupi, na ya kilimo, inayolipwa baada ya mavuno kwa tozo ndogo. Kihamishe mgao kutoka Desemba hadi Oktoba, ili fedha iwe mbegu kabla haijawa sherehe. Kiandike wazi kwamba jembe, cherehani na sufuria havitachukuliwa kulipia deni. WAWATA na Caritas ya parokia wanaweza kusaidia kukagua vitabu na kufundisha hesabu za riba kwa lugha nyepesi.

Mwisho wa mzunguko huu, sanduku litakapofunguliwa, wanachama wahesabu mgao wao. Kisha wawahesabu wenzao waliokuwepo mwanzoni, na kuuliza wale wasioonekana wako wapi.